Mlango kwa mlango, Lamu hadi Perth: uzoefu wangu na wakala wa mizigo

Nimerudi Lamu kwa Maulidi baada ya karibu miaka miwili, na kila nyumba ninayoingia swali ni lile lile: vitu vyenu mlivifikishaje? Kuna familia mbili hapa Langoni ziko mbioni kuhamia Australia, na nyingine ya Malindi inajiandaa kwenda New Zealand. Wote wametajiwa wakala wa Mombasa tuliyemtumia sisi. Jina lake silitaji, lakini yaliyotupata nitayaeleza kama yalivyokuwa, mema na mabaya, kwa sababu wakati tunahama sisi hatukuwa na wa kumuuliza.

Tuko watano. Mume wangu ni fundi wa injini, alipata kazi Perth, Australia, na mwajiri wake akalipa tiketi za ndege basi. Mizigo ilikuwa juu yetu. Wakala aliniahidi huduma ya "mlango kwa mlango" katika kontena la kuchangia, yaani vitu vyetu vinawekwa pamoja na vya watu wengine na kila mtu analipia mita za ujazo anazochukua. Ninawapa nyota 3 kati ya 5. Kazi yao ya kufunga ningeipa 5. Hayo maneno "mlango kwa mlango" ningeyapa 1.

Yalianza kuharibika hapa hapa kwetu. "Dada, lori letu litakuwa mlangoni kwako saa mbili asubuhi," kijana wa ofisini aliniambia kwenye simu. Nikamwambia, "Mwanangu, mlango wetu haupitiwi na mkokoteni, seuze lori." Akanyamaza kidogo, kisha akasema atamwuliza mkubwa wake. Jibu lilikuja kwamba lori litasubiri Mokowe, ng'ambo ya maji upande wa bara, na bei ni ile ile. Kwa hiyo punda, mahamali na boti ya kuvusha vilitoka mfukoni mwetu. Tena walikuwa wametuletea maboksi makubwa mno, hayaingii kwenye shogi, na punda hawezi kubebeshwa upande mmoja mzito na mwingine mwepesi. Tulifungua maboksi manne pale uani na kuyagawa upya, jua linapanda na maji yanakupwa. Ukiwa unatoka Lamu, Shela, Pate au Faza, uliza mapema: huduma inaanzia wapi hasa, na boksi kubwa kuliko yote lina upana gani?

Baada ya Mokowe sina lawama. Kule Mombasa walipanga kila kitu upya, wakakipa kila kipande namba, na wakaandika orodha kwa Kiingereza kwa ukamilifu: si "vyombo vya jikoni", bali sufuria 6, chano 2 za mbao, kawa 3 za ukindu. Wakati ule niliona wananichosha kwa maswali. Nilipofika kule ndipo nikaelewa kwamba orodha ile ndiyo iliyotuokoa, maana afisa anayeona "vitu mbalimbali" anafungua boksi. Kreti za mbao zilikuwa na muhuri wa suke la ngano na herufi IPPC na HT, maana yake mbao zimepashwa joto, nyuzi 56 hadi katikati ya ubao kwa dakika 30, kuua wadudu. Angalieni muhuri huo kwa macho yenu kabla ya kulipa.

Kosa walilofanya wao ni jina. Pasipoti ya mume wangu imeandikwa Mohamed, m moja. Kwenye hati ya shehena wakaandika Mohammed. Sisi huku hatujali, mtu huyo huyo ana m moja kwenye kitambulisho, mbili kwenye cheti cha ndoa cha kadhi, na Muhammad kwenye cheti cha madrasa. Kule, m moja iliyozidi ilisimamisha mzigo siku tisa hadi hati irekebishwe. Kabla hata ya kutafuta wakala, toeni vyeti vyote vya nyumba nzima, mviweke juu ya mkeka na msome herufi kwa herufi. Binti yangu ni Fatuma kwenye cheti cha kuzaliwa na alikuwa karibu kupewa pasipoti ya Fatma. Hilo tuliliwahi.

Sasa pesa. Nililipa Mombasa nikidhani nimemaliza. Mzigo ulipofika bandari ya Fremantle, baada ya kushushwa Singapore na kupandishwa meli nyingine, nikapokea ankara ya wakala wa kule: kutoa vitu kwenye kontena, kuvihifadhi ghalani, makaratasi, ukaguzi. Jumla ilikaribia nusu ya nilichokwisha kulipa Mombasa. Nilipopiga simu nikaambiwa malipo ya upande wa pili hayamo katika bei, imeandikwa chini ya ukurasa wa pili. Kweli imeandikwa, kwa herufi ndogo. Lakini mtu aliyeniuzia huduma alijua mimi ni mama wa watoto watatu ninayehama kwa mara ya kwanza, na alikuwa na wiki tatu za kunieleza. Hilo bado linaniuma. Bei ya kontena la kuchangia ikionekana rahisi, mwombe wakala akuandikie malipo yote ya bandari ya mwisho, moja moja, pamoja na usafiri wa kutoka ghalani hadi nyumbani. Akikataa kuandika, tafuta mwingine.

Jambo ambalo wakala yeyote wa hapa angepaswa kulisema kabla ya yote ni usafi. Australia wanalinda mashamba yao kwa ukali ambao sisi hatujauzoea, na New Zealand vivyo hivyo. Udongo, mbegu, mabaki ya chakula, manyoya, maganda ya miti, chochote kinachoweza kubeba mdudu au ugonjwa, hawakitaki. Mimi nilifua khanga zote, nikasahau vitu vya ususi na mbao. Wiki moja baada ya kontena kufunguliwa, niliona barua pepe yenye picha mbili. Ya kwanza ni kibao changu cha mbuzi, kimepigwa picha kwa karibu: katikati ya meno ya chuma kuna ukoko wa nazi uliokauka, wa rangi ya kahawa, nami nilikuwa na hakika nimekiosha. Ya pili ni mkeka wa mama mkubwa, umekunjuliwa ukingoni, na ndani ya ususi mmenasa mchanga wa Shela na vijimbegu vitatu. Wamevizungushia duara jekundu. Nikapewa hiari: nilipie dawa, nilipie virudishwe, au viharibiwe. Nililipia dawa. Mkeka ule ningelipia hata mara mbili.

Kwa hiyo kibao cha mbuzi kisuguliwe kwa mswaki mkavu, kisha maji moto, kisha kianikwe. Mikeka ipigwe, ioshwe, ianikwe pande zote mbili. Viatu vya mpira vya watoto, baiskeli, jembe, hema, vyote vioshwe mpaka kwenye mitaro ya soli. Ufagio wa chelewa uacheni. Samani za mbao zikaguliwe kama zina vitundu vidogo na unga wa dumuzi, kwani zikigundulika nazo huko zitafukizwa dawa kwa gharama yenu. Pia ujue kwamba vitu vya nyumbani huingia bila ushuru ukiwa umevimiliki na kuvitumia miezi 12 au zaidi. Wale wanaokimbilia kununua kila kitu kipya wiki ya mwisho wanajitafutia ankara nyingine.

Hapo ndipo kasha la bibi liliponishinda. Ni kasha kubwa lenye njumu za shaba, na moyo wangu ulitaka liende. Lakini sheria ya Kenya ya Makumbusho na Turathi, ya 2006, inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale, na huwezi kukitoa nje bila kibali. Kasha hili hakuna anayejua umri wake. Mama mkubwa anasema alilikuta lilipo. Kufuatilia kibali kulihitaji muda, nasi hatukuwa nao. Lipo chumbani kwake mpaka leo, na jana nililifungua nikakuta kanzu za babu zinanukia udi. Kama familia yenu ina kitu cha namna hiyo, anzeni kuulizia Makumbusho miezi mingi kabla. Chenye pembe za ndovu msikiguse kabisa.

Tuliambiwa wiki nane, ikawa kumi na tatu. Tulifika Perth mwezi wa sita, na kule mwezi wa sita ni baridi, usiku inashuka chini ya nyuzi 10. Sweta na mablanketi yalikuwa ndani ya kontena! Pangeni kwa wakati, si kwa aina: mtakachohitaji miezi minne ya kwanza kiende na ndege, mengine ndiyo yapande meli. Ndege ndogo yetu ya kutoka Manda iliruhusu kilo 15 kwa mtu, na ile kubwa ya Nairobi kilo 23, kwa hiyo masanduku tuliyatanguliza kwa basi. Mkononi tulibeba vyeti vya asili, kitabu cha kliniki cha kila mtoto, ripoti za shule, barua ya daktari na dawa za mama mkwe anayekuja kutembea, zisizozidi matumizi ya miezi mitatu. Na kadi ya njano ya homa ya manjano kwa kila mwenye mwaka mmoja na zaidi, kwani Kenya imo katika orodha yao. Chanjo ichomwe siku 10 kabla, si asubuhi ya safari.

Vyombo vya umeme havina shida kubwa. Umeme wao unakaribiana na wetu, ni plagi tu zinazotofautiana. Blenda yangu inasaga hadi leo.

Bima pia isomeni. Sahani zilizofungwa na wao zilifika salama. Za harusi yangu, nilizozifunga mwenyewe kwa mapenzi ndani ya leso, tano zilivunjika, na bima ikasema hailipi kilichofungwa na mwenyewe.

Siku ya kuondoka shangazi yangu alinibandika kikuba kifuani, asumini na mrehani, bado kina umande. Nilikuwa nacho hadi Perth, kimenyauka lakini kinanukia. Kwenye fomu ya kuingilia nilikuwa nimeandika kweli: iliki, mdalasini, majani mabichi. Viungo vikavu walivitazama wakanirudishia. Kikuba nilikitia mwenyewe kwenye pipa lao kabla ya kufika kwa afisa, binti yangu akanishika mkono. Asali ya mjomba nilikuwa nimeiacha Lamu, kwa kuwa jimbo lile la Western Australia halipokei asali, hata ya majimbo mengine ya Australia. Ukiwa na shaka juu ya kitu, kitangaze. Afisa anayeonyeshwa hakugombi, anayefichwa ndiye mkali.

Je, ningewatumia tena? Ndiyo, kwa kufunga na kuandika orodha, na mkataba ningeusoma na mtu mwingine kando yangu, kalamu mkononi. Familia ya Malindi nimewapa nakala ya orodha yangu yenye namba na ankara zote mbili, ya Mombasa na ya Fremantle. Lori lao litafika mlangoni kweli, hilo wametushinda. Jana mama wa nyumba alinipigia, mikeka yote iko juu ya dari imeanikwa.