Kumkabidhi msaidizi wa AI kanuni za barua pepe: nilivyomwona kazini

Ninafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Lubumbashi, na sanduku letu la barua pepe halipumziki. Dereva aliyekwama foleni ya mpaka wa Kasumbalesa, mteja anayeuliza mzigo wake umefika wapi kutoka Dar es Salaam, ankara, matangazo ya matairi, vyote vinapita mlango mmoja. Tulipoamua kumkabidhi msaidizi wa AI kazi ya kuandika kanuni za kuchuja, nilifurahi kweli. Nimeshamwona kazini na nasema anafaa kulipiwa. Ila asipewe funguo zote.

Msaidizi huyu hakai akisoma kila barua inayoingia. Anaunganishwa na seva ya barua kwa zana zinazotumia MCP, itifaki ya kuunganisha AI na zana za nje iliyotolewa na kampuni ya Anthropic mwezi Novemba 2024, kisha anaandika kanuni kwa Sieve, lugha maalumu ya kuchuja barua pepe. Anayezitekeleza ni seva yenyewe. Kwetu huku hilo ni jambo kubwa: umeme ukikatika na kompyuta zote za ofisi zikazimika, barua zinaendelea kupangwa huko seva iliko. Mama wa uhasibu akiwasha mashine yake asubuhi, anakuta ankara zimeshamsubiri kwenye folda yake.

Nilichompendea zaidi ni kwamba anauliza. Nilimwambia kwa Kiswahili cha kawaida kwamba barua zenye neno “facture”, yaani ankara, ziende uhasibu, na za wateja wa mgodini ziende kwa mkuu wa usafirishaji. Kabla ya kuandika chochote akauliza: ankara ikitoka mgodini, iende kwa nani? Hapo alinigusa, maana kwenye Sieve usipoweka amri ya “stop”, barua moja inaweza kutua folda mbili, na watu wawili wakaanza kuishughulikia bila kujuana.

Alipokosea ni kwenye Kifaransa chetu. Kanuni yake ilitafuta “dédouanement”, yaani kutoa mzigo forodhani, na barua zilizoandikwa DÉDOUANEMENT kwa herufi kubwa zikabaki nje. Sababu yake nimeielewa: ulinganishaji wa kawaida wa Sieve unasawazisha herufi kubwa na ndogo kuanzia A hadi Z tu, kwa hiyo É na é kwake ni vitu viwili. Na wako wanaoandika bila alama kabisa. Dawa ni kuorodhesha maumbo yote matatu ndani ya kanuni moja. Alirekebisha mara moja nilipomwonyesha, lakini msaidizi anayeuzwa kwa watu wanaoandika Kifaransa kutwa angepaswa kulijua hilo bila kuambiwa. Ninyi mnaomtumia, mjaribuni kwanza kwa maneno yenye alama.

Sasa kuhusu funguo. ManageSieve, itifaki ya kupeleka kanuni kwenye seva, inatenganisha amri zake vizuri: CHECKSCRIPT hukagua kama kanuni imeandikwa sawasawa, PUTSCRIPT huihifadhi (kwa jina jipya, maana ikipewa jina la kanuni inayotumika huchukua nafasi yake papo hapo), na SETACTIVE ndiyo inayoiwasha. Sisi tumemwachia msaidizi mbili za kwanza. Kuwasha ni kazi ya mtu, baada ya kuisoma. Kufuta barua na kuzielekeza kwenye anwani ya nje hatukumruhusu kabisa, na hapo sitabadili msimamo. Mwizi akishaingia kwenye sanduku la mtu, mara nyingi huweka kanuni ya kuficha majibu au kujitumia nakala, ili apenyeze namba yake ya benki kwenye malipo. Na msaidizi, hata akifungua barua chache tu ili atunge kanuni, anaweza kukutana na maagizo yaliyofichwa ndani yake, mgeni akimwamuru aandike kanuni fulani. Akiwa na uwezo wa kuiwasha peke yake, mtakuja kugundua pesa ya kontena imeshakwenda.

Kwa ofisi ndogo inayopokea barua chache, sioni haja. Kwa wakala, hoteli, au shirika lenye sanduku moja linalotumiwa na watu wengi, mchukueni, na siku ya kumuunganisha mwambieni fundi awaonyeshe orodha ya ruhusa moja moja. Fundi tuliyekuwa naye sisi alitaka kuziwasha zote ili amalize haraka. Tulimzuia.