Laptopu yetu ya 2014 baada ya kuwekewa SSD: uzoefu wangu Kariakoo

Laptopu hii tunayo tangu 2018. Niliinunua ikiwa imeshatumika, toleo la 2014, prosesa ya Core i5 kizazi cha nne, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta inapofanya kazi) ya GB 4 na diski ngumu ya GB 500, ile inayozunguka mara 5400 kwa dakika. Ndiyo kompyuta pekee nyumbani kwetu Segerea. Mke wangu anashona, na oda zake zote zimo humo: vipimo vya wateja, nani katanguliza nusu, nani anachukua nguo Ijumaa. Kijana wetu yuko kidato cha tatu, anafungulia mitihani iliyopita ya NECTA. Mimi naandikia ripoti za kazini. Ikichoka hiyo, nyumba nzima imechoka.

Na ilichoka kweli. Kufikia katikati ya mwaka jana ulikuwa ukiiwasha unakwenda kuinjika chai, ukirudi unakuta duara bado linazunguka kwenye kioo. Siku moja nilipima kwa saa ya simu, toka kubonyeza kitufe mpaka faili la oda kufunguka: dakika 4 na sekunde 50. Mteja kasimama mlangoni anauliza gauni lake, mke wangu kashika daftari la zamani kwa sababu laptopu haijaamka. Hapo ndipo nilipoamua kulishughulikia jambo hili hadi mwisho.

Niseme kwanza nilikopotezea hela, maana najua wengi wanapita njia hiyohiyo. Fundi wa kwanza, wa jirani na kwetu, alinishauri kupiga windo, yaani kufuta Windows na kuiweka upya. Nikalipa 15,000. Kwa wiki mbili ilikuwa nyepesi, kisha ikarudi palepale. Nikarudi, akapiga tena, safari hii akafuta picha za mahafali ya binti wa dada yangu bila kuniuliza kama nina nakala. Baadaye akaniambia tatizo ni RAM, akaniongezea nyingine ya GB 4 ili zifike 8. Laptopu haikubadilika hata chembe. Nilikuja kugundua sababu baada ya miezi: alikuwa ameweka windo ya biti 32, aina ya zamani, na hiyo haiwezi kutumia zaidi ya takriban GB 4 za RAM, hata ukiijazia mpaka juu. Kwenye ukurasa wa maelezo ya kompyuta iliandikwa wazi kwamba RAM ni GB 8 lakini zinazotumika ni 2.9. Maandishi hayo yalikuwa pale muda wote, sikuwa nimeyasoma. Tafadhali yasome yako leo. Bonyeza kulia kwenye alama ya kompyuta, ingia kwenye sifa zake, mstari wa RAM na mstari wa aina ya mfumo viko karibu karibu.

Kilichonifungua macho ni dirisha la Task Manager. Unabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, linafunguka. Nikaliacha wazi huku laptopu inahangaika, nikaangalia namba. Prosesa asilimia 12. RAM asilimia 60 na kitu. Diski asilimia 100, na haishuki, dakika baada ya dakika, wakati mimi sijafungua hata faili moja. Yaani prosesa ilikuwa imekaa inasubiri, mwenye kuchelewesha ni diski.

Ukielewa diski ngumu inavyofanya kazi hutashangaa. Ndani yake kuna sahani inayozunguka na mkono mwembamba unaokwenda na kurudi juu yake kusoma. Kila kipande cha taarifa kikiwa mahali pengine, mkono lazima uhame, na kila kuhama ni milisekunde 10 na zaidi. Ni kama muuza duka ambaye kiberiti kiko rafu ya juu, chumvi iko stoo na sabuni iko uani, na wewe umemtajia vitu mia tano kwa mpigo. Windows 10 inapowaka inaomba vipande vidogo maelfu kwa maelfu: masasisho, antivirusi, orodha ya utafutaji, programu zinazojiwasha zenyewe. SSD, hifadhi ya kisasa inayowekwa badala ya diski ngumu, haina sahani wala mkono. Ni chipu tupu, kila kipande kinafikiwa papo hapo. Hata kwenye laptopu ya zamani yenye SATA, njia ya zamani ya kuunganishia diski, SSD inasoma hadi karibu megabaiti 550 kwa sekunde, wakati diski kama yangu ikiwa na afya njema inacheza kwenye mia moja hivi, na kwenye vipande vidogo vilivyotawanyika inashuka mpaka megabaiti moja au pungufu.

Basi Jumamosi moja nikapanda daladala la Kariakoo, laptopu mgongoni, nikashuka na kuingia vichochoro vya upande wa Mtaa wa Aggrey. Nilikuwa nimeelekezwa na mfanyakazi mwenzangu kwa kijana mmoja mwenye meza ndogo ndani ya duka la watu wanne.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, habari za kazi?"

"Salama mzee wangu. Ina shida gani?"

"Inajivuta. Nataka kuweka SSD, ila naomba unipimie kwanza hii diski ya zamani kabla hujagusa kitu. Kuna kazi za mama watoto humo."

"Hapo umeongea vizuri. Wengi wakija ni piga windo, basi."

Akawasha programu inayoitwa CrystalDiskInfo, na kwenye kisanduku cha afya ikatokea rangi ya njano. Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi: kuna sehemu za diski zimeshakufa na nyingine zinasubiri kuhukumiwa. Akasema tunakili kila kitu sasa hivi, kabla ya hatua yoyote. Ilichukua karibu saa mbili, na kuna faili mbili hazikusomeka kabisa, kwa bahati nzuri hazikuwa za oda. Kwa hili peke yake namshukuru sana. Ningerudi kwa yule wa kwanza, angepiga windo ya tatu juu ya diski inayokufa.

Kisha akafungua skrubu za chini, na nilichokiona ndani sitakisahau. Feni ilikuwa inazunguka, hilo nilijua kwa kelele zake. Lakini kati ya feni na yale mapezi ya shaba yanayotoa joto nje kulikuwa na vumbi lililoshikana likawa kama kipande cha blanketi, la kijivu, unene wa kidole cha mwisho. Alilivuta kwa kibano likatoka zima, lina umbo la dirisha lile lile lililokuwa limeliziba. Barabara yetu ni ya vumbi, na laptopu imekuwa ikikaa karibu na cherehani, kwa hiyo ndani yake mlikuwa na nyuzi, nyekundu na bluu, unaziona kabisa. Pesti ya juu ya prosesa, ile inayosaidia joto kupita, ilikuwa imekauka kama chokaa ya ukuta. Akaifuta kwa spiriti na pamba, akaweka mpya, tone dogo la ukubwa wa punje ya mchele.

Jambo hili la joto watu wa Dar tunalidharau. Januari na Februari chumba chenyewe kina joto, unyevunyevu umejaa, na sisi tunaweka laptopu juu ya kitanda au mto, matundu ya chini yamezibwa. Prosesa ikipata joto kupita kiasi inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Yangu kabla ya kusafishwa ilikuwa inafika nyuzijoto 96, sasa ikiwa kwenye kazi nzito inasimama 70 na kidogo. Kwa maoni yangu kila laptopu ya mjini hapa inayozidi miaka mitatu ifunguliwe na kusafishwa, hata kama haijaleta shida.

SSD aliniwekea ya GB 256. Alikuwa nayo na ya 128, nikaona hiyo itajaa upesi, na SSD ikijaa pomoni nayo inapungua kasi. Akaweka Windows 10 mpya ya biti 64, akaniambia kunakili ile ya zamani kama ilivyo ingekuwa kuhamisha na takataka zake. Ile diski ya zamani akaitia kwenye kava la nje lenye waya wa USB, nikarudi nayo nyumbani. Hesabu yote: SSD 78,000, kusafisha na pesti 15,000, windo 10,000, kava 12,000. Jumla 115,000, na nikapewa risiti ya EFD yenye waranti ya miezi sita iliyoandikwa kwa mkono nyuma yake. Usiondoke bila hiyo risiti.

Tahadhari moja kuhusu kununua. Mezani pa mtu mwingine, hatua chache tu, nilitajiwa SSD ya nje ya "terabaiti 2" kwa bei ya chini kuliko niliyolipa kwa GB 256. Hiyo usiiguse. Vifaa vya namna hiyo vimeandikwa ndani yake vidanganye ukubwa. Unamimina mafaili, kompyuta inakuambia yameingia, kumbe chipu halisi ilishajaa na mapya yanaandikwa juu ya ya zamani. Utakuja kujua siku unapoyahitaji. Ipo programu ya bure inayoitwa H2testw, inajaza kifaa chote kisha inasoma tena kuhakiki. Mwombe muuzaji aiendeshe mbele yako, na akikataa, ondoka.

Matokeo sasa. Nyumbani jioni ile niliita wote waje waone, nikashika saa ya simu. Toka kitufe mpaka faili la oda kufunguka: sekunde 24. Mke wangu akasema zima tuone tena. Tukazima, sekunde 23. Ni miezi minne imepita na bado iko hapo hapo. RAM zote 8 zinaonekana, kwa hiyo ile hela ya mwanzo angalau imeanza kufanya kazi. Kelele ya feni imekwisha, usiku akishona haisikiki. Programu zinazojiwasha zenyewe nilizizima zote isipokuwa tatu, na antivirusi nimeacha ile iliyokuja na windo. Mbili kwa pamoja zinagombana na kula nguvu bure.

Ambacho haikubadilisha ni hiki. Kijana wetu alitaka kuhariri video za kwaya, na hapo bado inagugumia, kwa sababu kazi hiyo ni ya prosesa na prosesa ni ile ile ya zamani. Intaneti nayo haikuongezeka hata kidogo. Bando likiwa dhaifu, ukurasa unachelewa vilevile. Na Windows 11 haiingii kihalali, inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0. Kijana wa Kariakoo alisema anaweza kuilazimisha, nikakataa. Sitaki mfumo ambao siku moja utagoma kusasishwa huku kazi za watu zimo ndani.

Hili la Windows 10 lina uzito. Microsoft waliacha kuitolea masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ukijiandikisha unapata ya usalama pekee kwa mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026, na nimejiandikisha. Baada ya hapo mpango wetu ni Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ambao ni wa bure. Nimeshaiweka kwenye flashi ya GB 16, unaiwasha kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa kilichomo ndani ya laptopu, unaijaribu siku nzima ukitaka. Mint imejengwa juu ya Linux nyingine iitwayo Ubuntu, jina ambalo Mswahili halihitaji kamusi, ni utu wetu huu huu. Printa yetu ilitambuliwa bila kuhangaika, na faili la oda lilifunguka kwenye LibreOffice, programu ya bure ya nyaraka na majedwali, likiwa na safu zake zote, ila rangi za baadhi ya visanduku zilipotea. Mke wangu bado hajaikubali, anasema vitufe viko kusiko. Kijana wetu ameizoea kwa siku mbili.

Faili la oda sasa linakaa sehemu tatu: kwenye SSD, kwenye flashi, na kwenye barua pepe ya mke wangu, anajitumia kila Jumapili jioni. SSD haigongi gongi kama diski ngumu inayokaribia kufa. Ikiamua kuondoka inaweza kuondoka kimya siku hiyohiyo. Ile diski ya zamani yenye alama ya njano iko kabatini ndani ya kava lake, nina picha za zamani humo, lakini siiandikii kitu kipya.

Iliyobaki ni betri. Haishiki chaji hata dakika kumi, na umeme ukikatika laptopu inazima papo hapo, faili lililokuwa linaandikwa linabaki nusu. Mwezi uliopita ilitokea mara mbili. Nimeambiwa betri mpya ni kati ya 45,000 na 60,000, na mwisho wa mwezi nitarudi kwa kijana yule yule kuiweka.