Mashine ya kufulia ya ghorofa yetu, na kanzu za Idd zilizolala ndani

Nilisema nitaandika habari za mashine yetu nikishatulia. Sijatulia, naandika hivi hivi.

Ghorofa yetu iko Shella, hapa Malindi, nyumba 12. Mwenye nyumba alitupa chumba cha chini kilichokuwa stoo tukifanye cha kufulia, tukachanga pesa za mashine, ile ya mlango wa mbele. Mimi ndiye niliyeshika daftari la mchango, na mimi ndiye niliyekwenda dukani.

Kilo na mizunguko sitaji, yameandikwa pale mbele ya mashine. Nataja nilichomwambia kijana wa duka kwa kinywa changu, jirani yangu akiwa kando: "Mwanangu, hii twaiweka kwenye ghorofa, itafulia nyumba 12." Akanijibu, "Hiyo ni chuma, mama, haifi leo wala kesho." Nikaamini, nikalipa.

Miezi ya mwanzo sina la kuidhulumu. Buibui lilitoka jeusi bila mabaka ya sabuni. Mashuka yalitoka yamekamuka, jua la asubuhi tu likayatosha, na aliyewahi kukamua shuka la kitanda kikubwa kwa mikono yake anajua hiyo ni raha gani.

Likaingia kumi la mwisho la Ramadhani. Siku mbili tatu kabla ya Idd, foleni ya ndoo mpaka ngazini. Zamu yangu ilipofika nikatia kanzu nne: ya mume wangu, mbili za wanangu, na moja ya mzee wa ghorofa ya juu, ile yake ya darizi, kwa sababu hana wa kumfulia. Mashine ikasimama katikati ya kazi, maji tele ndani, mlango haufunguki. Tunaziona kanzu kwa kioo zinaelea kwenye maji ya kijivu na hakuna wa kuzitoa. Zililala humo usiku kucha. Mzee alishuka baada ya tarawehe, akainama kuangalia, akaniambia, "Usijali, binti yangu," akapanda ngazi zake pole pole. Heri angenigombeza.

Asubuhi nikafika dukani, kijana ni yule yule. Shikamoo hakunipa, macho yako kwenye simu. "Mwafulia nyumba ngapi?" Nikamwambia 12, na nilikwambia siku ile ile. "Basi waranti hamna. Waranti ni ya nyumba moja. Kwani hukusoma karatasi?" Kisha, watu wamejaa dukani, akaongeza: "Mwafua kama dobi halafu mwataka kutengenezewa bure." Mimi nina wajukuu. Sijawahi kusemeshwa hivyo na mtoto wa rika lile.

Karatasi nilikwenda kuisoma. Kweli, imeandikwa kwa herufi za sisimizi kwamba ni kwa matumizi ya nyumbani. Mashine nyingi za nyumbani huuzwa kwa sharti hilo, sasa najua. Lakini yeye alijua siku ile anapokea pesa zetu, akanyamaza.

Fundi wa Maweni ndiye aliyetutoa. Alifungua kijimlango kidogo chini, akavuta kijimpira, maji yakamwagika kwenye karai, kisha akazungusha chujio likatoka na mchanga wa pwani, pini za mitandio na sarafu ya shilingi 20. Pampu ilikwama hapo, maji yakakosa pa kutokea, na mashine za aina hii hazikufungulii mlango maji yakiwa ndani. Ni nusu saa tu! Hata hiyo waranti hatukuihitaji. Tulihitaji mtu wa kutuambia pana chujio na kwamba lasafishwa mara kwa mara, sentensi moja tu, na kijana yule hakuwa nayo.

Fundi alituonyesha na ukoga mweupe ndani ya ngoma. Maji ya mfereji kutoka Baricho yakikatika twafungulia ya kisima, na kisima cha hapa kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake yana chokaa. Ukiyachemsha, chokaa hushika koili ya kuchemshia maji humo ndani. Kwa hivyo sasa twafua kwa maji baridi.

Halafu akanipigia hesabu. Nyumba 12, kila moja mara tatu kwa wiki, ni mara 36. Wiki moja ya kwetu ni karibu miezi mitatu ya familia moja. Alisema ghorofa inataka mashine nzito za dobi, ambazo bei yake ni mara kadhaa ya hii, ama zile za matangi mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia, fundi yeyote anaziweza na mfuniko wafunguka wakati wowote. Nikaapa ningeandika hapa: msinunue ya mlango wa mbele.

Sasa siwezi kuapa tena. Jirani zetu wa ng'ambo wana ya matangi mawili, na wiki hii ya mgao wa maji imewamalizia tangi lao la maji la juu, tena lazima mtu asimame pale kwenye mashine ahamishe nguo mbichi kwa mkono. Yetu hunywa maji kidogo na yaendelea kufua. Mashine ni nzuri, kwa familia moja. Duka ndilo sitalikanyaga, hata wakiuza kwa nusu bei.

Kanzu ya mzee niliifua upya kwa mkono, kwa maji ya mtungi, nikaipiga pasi usiku wa kuamkia Idd. Aliivaa.