Ziara ya mtandaoni ya volkano: nimelipia wanafunzi wangu wadanganywe

"Lava ni lava mwalimu, tusiwachanganye watoto." Hilo ndo jibu nililopewa na muongozaji wa ziara ya mtandaoni ambayo nimeilipia kwa hela yangu, mbele ya kidato cha tatu wote, halafu akanizimia maiki. Kampuni siitaji, wenyewe wakisoma watajijua.

Nafundisha jiografia shule ya kata huku Tabora. Mada ya volkano ukiifundisha kwa chaki tu inakufa, na kuwapeleka watoto mpaka Ngorongoro na Lengai ni basi la kukodi, chakula, malazi, viingilio, ruhusa za wazazi, ukifika kwa mkuu wa shule na hiyo bajeti anakuangalia hivi hivi tu. Kwahiyo nilipoona tangazo la ziara ya moja kwa moja, yaani kuna mtu anawaongoza na watoto wanauliza maswali, nikasema hii ndo yenyewe. Projekta tukaazima, bando nikanunua, darasa likajaa mpaka wa kidato cha pili wanachungulia madirishani.

Sasa Ol Doinyo Lengai siyo volkano ya kawaida, na ndo sababu nililipa. Ndo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kabonati. Silika, yaani ile madini inayofanya lava iwe nzito, ndani yake ni kidogo mno, joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600 wakati lava ya basalti, ile ya volkano nyingi, inavuka 1,100, kwahiyo mchana inaonekana nyeusi au kahawia iliyokolea, ni nyepesi inatiririka kama maji, na ikishapoa inashika unyevu wa hewani inageuka nyeupe. Haina ule wekundu wa kwenye muvi. Wiki nzima nilikuwa nawaambia watoto hayo maneno, subirini mtaona wenyewe kwa macho yenu.

Basi kaka akatangaza "na hapa sasa tuko kileleni Lengai", na pale kwenye ukuta tukaona lava nyekundu inaruka juu, inashuka, inavuka barabara ya lami yenye mistari ya njano katikati. Barabara ya lami jamani!! Juu ya Lengai! Mlima ambao watu wanaanza kuupanda usiku wa manane, sehemu nyingine wanatambaa kwa mikono, leo una lami na alama za barabarani. Aliyefuatilia Kilauea ilivyolipuka kule Hawaii mwaka 2018 hizo picha asingehitaji hata sekunde kuzitilia shaka.

Mtoto mmoja akageuka, "Madam, si ulisema nyeusi?" Darasa zima likaangua kicheko.

Nikawasha maiki, kwa heshima kabisa, nikamwambia samahani kaka, hii video sidhani kama ni ya Lengai. Ndo nikapewa hilo jibu lake, akaongezea na "muda wenu unaisha tusonge mbele", maiki kwishnei. Muda wetu! Muda niliolipia mimi! Kinachoniuma siyo hela hata, ni kwamba mtoto akisikia mwalimu anasema hivi na projekta inasema vile, anaamini projekta. Ningewafundisha na chaki yangu wangekuwa salama.

Nikawaandikia WhatsApp. Kwanza wakanitumia vijimaua, "asante kwa maoni yako". Kisha kimya. Kisha dada mmoja akaja na "mwalimu, mbona shule zingine hazijalalamika". Nilipotaja kurudishiwa hela eti wanaweza kunipa punguzo la ziara ijayo. Ya kwenda wapi dada yangu, nikaonyeshwe milima ya Uswisi niambiwe ndo Kilimanjaro?

Ila nisiwe mchoyo wa maneno, maana kabla ya hapo walituonyesha Ngorongoro na pale walinikamata. Kamera ile ya kuzunguka pande zote, unasimama ukingoni unaona ukuta wa kama mita 600 unashuka mpaka chini, halafu unageuka taratibu unaona ukingo umezunguka kote. Nimekuwa nikichora kaldera ubaoni miaka na miaka, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inatoka, chini panabaki hapana mshikilio, paa la mlima linadidimia, watoto wanaitikia ndiyo madam huku macho yamelala. Siku hiyo kijana wa nyuma kabisa, ambaye huwa haongei, akapiga kelele "kumbe huu wote ulikuwa mlima!" Wakaonyesha na lile rundo la mchanga mweusi karibu na Oldupai, majivu ya volkano yanayosukumwa na upepo yanahama zaidi ya mita 10 kwa mwaka, yana chembe za sumaku ndo maana hayasambaratiki. Hapo nilikuwa tayari nimeshaamua nitawasifia kwa walimu wote ninaowajua.

Sasa mtu mwenye picha nzuri hivyo anakosaje video ya Lengai? Au wanajua ila wanaona watoto wa shule ya kata hawatagundua? Hilo ndo linanipandisha hasira upya kila nikilikumbuka.

Ikabidi nirudie kipindi. Nikatumia Google Earth, ya bure, inakula bando lakini inakubali, tukaruka na Bonde la Ufa kutoka Natron mpaka Manyara, tukasimama juu ya Lengai lenyewe, hakuna lami. Nikaeleza tena habari ya kabonati ya sodiamu, binti mmoja akauliza "kwahiyo madam ni kama magadi yameyeyuka?" Karibu nimkumbatie.

Nilipanga kuwapa nyota tatu kwa ajili ya Ngorongoro. Lakini juzi nimesahihisha jaribio, nilitaka wachore Lengai, na wengi lava wameipaka kalamu nyekundu. Moja. Na hiyo moja apewe aliyeshika kamera, yule kaka wa maiki asiiguse.