Klachi ya bodaboda: ipi ununue kwanza na ipi uiache dukani

Pikipiki ikifika kwenye mlima injini inalia sana ila chombo hakisogei, harufu ya kuungua inapanda kutoka kwenye injini na abiria ameshaanza kuuliza kulikoni, basi hapo klachi inateleza. Wengi wakiona hivyo wanakimbilia duka la spea, wananunua pleti, yaani zile sahani za ndani zinazobanana kupeleka nguvu ya injini kwenye gea, fundi anafunga, jioni kazi inaendelea, na baada ya muda mfupi tu ugonjwa unarudi ule ule. Mi naandika haya kwa ajili ya vijana wa bodaboda na wenye pikipiki za mizigo, watu wanaobeba magunia ya viazi kushuka Lushoto au mishikaki ya abiria watatu kwenye vilima vya Mbeya, kwa sababu klachi ikifa hesabu ya bosi haisimami na siku imeshapotea. Nazungumzia hizi pikipiki za kawaida, Boxer, TVS HLX, na ukoo mzima wa CG 125 ambayo Honda alianza kuitoa 1976 na Wachina wakainakili mpaka leo, yaani SanLG, Fekon, Kinglion na wenzao.

Kitu cha kwanza kununua mara nyingi sio pleti, ni waya wa klachi na oili sahihi. Nitafika kwenye pleti, ila hii lazima itangulie maana ndo inayoua pleti.

Shika leva ya klachi kwa kidole ukiwa umezima injini, ivute taratibu. Inatakiwa icheze kidogo bure kabla hujahisi uzito, ile plei, na kwenye pikipiki nyingi za aina hii pale ncha ya leva ni kama milimita 10 hadi 20. Kama haichezi kabisa maana yake klachi muda wote imevutwa kidogo, pleti hazibanani vizuri, zinasuguana na kuungua hata kama we mwenyewe hujagusa leva. Vijana wengi wanapenda leva iwe kali, inashika hapo hapo, wanamwambia fundi kaza, na fundi anakaza. Pleti mpya haiwezi kupona hapo. Kingine, geuza hendo kulia mpaka mwisho halafu kushoto mpaka mwisho, plei ikipotea upande mmoja ujue waya umepitishwa vibaya au ni mfupi, labda uliwekwa wa modeli nyingine.

Halafu angalia plei inabadilikaje kadri siku zinavyoenda, hii inakuambia ununue nini. Plei ikiwa inapungua yenyewe bila mtu kugusa, pleti zinalika ndani. Ikiwa inaongezeka, waya ndo unarefuka au nyuzi zake zimeanza kukatika pale kwenye leva, vua ule mpira uangalie, ukiona hata nyuzi mbili zimechomoza badilisha leo usingoje ukukatikie barabarani una mtu nyuma.

Oili sasa. Klachi ya hizi pikipiki inaogelea kwenye oili ile ile ya injini, sio kama ya gari ambayo iko pakavu. Oili nyingi za kisasa za gari, hasa zile nyepesi za kubana mafuta kama 0W20 na 5W30, zina dawa za kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano, kwa hiyo unaweza kuwa na pleti nzima kabisa ila zinateleza kwa sababu ya oili. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au JASO MA2, hicho ndo kipimo cha Wajapani kwa pikipiki zenye klachi ya kuogelea. Ukiona JASO MB iache, hiyo ni ya skuta. Boxer nyingi zinatumia 20W50, nyingine fuata kitabu chake. Na zile oili za kupima kwenye pipa zisizo na jina, jamani, bei yake inavutia ila hakuna anayejua ndani kuna nini.

Umeshaweka plei sawa, oili ni ya pikipiki, na bado gea ya tatu ukifungua mafuta yote ghafla injini inapaa ila spidi haipandi? Hapo sasa pleti zimekwisha, twende dukani.

Namba moja kwangu ni seti kamili orijino kutoka kwa wakala wa kampuni ya pikipiki yako, na nikisema kamili namaanisha pleti za msuguano, pleti za chuma na springi zote kwa pamoja. Najua bei yake inaumiza, inaweza kuwa mara mbili au zaidi ya zile za kawaida, lakini kwa mtu anayepanda milima na mzigo kila siku hii ndo inayolipa, kwa sababu klachi ni timu. Pleti mpya za msuguano ukizibananisha na pleti za chuma zilizopinda kwa joto zinagusana sehemu tu, na springi zilizochoka hazina nguvu ya kuzibana, zinaanza kuteleza wakati bado ni mpya.

Namba mbili ni pleti za kampuni zinazotengenezea viwanda vyenyewe ila unazikuta kwenye boksi lao. FCC wa Japani ni watengenezaji wa klachi za Honda miaka mingi, na Endurance wa India wanawatengenezea kampuni ya Bajaj, wenye Boxer. Ukizipata za kweli umepata kazi ile ile kwa bei nafuu kidogo. Tatizo ni hilo neno za kweli. Ukienda Kariakoo au Kirinyaga Road kule Nairobi utakuta boksi zuri linang'aa na ndani kuna kitu kingine kabisa, kwa hiyo usinunue boksi, nunua pleti. Mwambie muuzaji afungue. Angalia vile vipande vya msuguano vimegandishwa sawasawa vyote, hakuna kilichonyanyuka pembeni, hakuna gundi iliyomwagika, mifereji katikati yao iko safi, na meno ya nje yamekatwa laini bila makali ya kukwaruza. Weka pleti zote juu ya kioo cha meza ya duka, zinatakiwa zilale bila kucheza. Na njoo na pleti yako ya zamani, linganisha kipenyo, hesabu ya meno na unene, maana Boxer 100 na Boxer 150 sio klachi moja, na HLX 125 usidhani ni sawa na 150 kwa sababu muuzaji kasema inaingia. Ukiwa na venia kipa, kile kifaa cha kupimia unene, ni bora zaidi, pleti mpya ya msuguano ya CG 125 ina unene wa karibu milimita 3, na ikifika 2.6 imemaliza kazi.

Namba tatu, pleti za msuguano peke yake, chuma unabaki nazo. Hii inakubalika kwa anayeendesha tambarare mjini, ila kwa masharti: pleti za chuma ziwe hazina rangi ya bluu ya kuungua na zikilazwa kwenye kioo zisicheze. Springi nazo zipange wima mezani pamoja na mpya moja ya dukani, ukiona za kwako ni fupi nunua zote. Usibadilishe moja moja.

Kuna klachi nzima, yaani unanunua na hausingi yake, lile bakuli la nje linalobeba pleti, na kitovu chake cha ndani. Hii siipi namba kwa sababu ni suala la hali ya chombo chako tu, sio la chaguo. Fungua kava, pitisha kidole kwenye zile njia ambazo meno ya pleti yanakaa, ukikuta yamechimba vishimo basi pleti hazitelezi vizuri kuachiana, ndo maana ukivuta klachi pikipiki bado inataka kwenda, nyutro haipatikani ukiwa umesimama, gea inaingia kwa kishindo. Fundi akikuambia atayapiga tupa, vishimo vidogo sawa inawezekana, ila vikiwa virefu akipiga tupa nafasi inakuwa kubwa na pleti zinaanza kugongagonga. Hapo nunua nzima.

Namba nne ni springi ngumu, hizi za mashindano au zile ambazo fundi anakuwekea washa, vile vipete vya chuma, chini ya springi za zamani ili zibane zaidi. Mi siungi mkono kwa pikipiki ya kazi. Boxer 150 ina nguvu farasi kama 12 tu, klachi yake ya kiwandani ikiwa nzima inaimudu hiyo nguvu na mzigo wake. Springi ngumu itakuficha ugonjwa kwa muda, mkono wako utauma foleni ya Ubungo, waya utakatika haraka, na ile mekanizimu ya kusukuma klachi inabeba uzito usio wake. Kama umefungua injini kubwa zaidi au unavuta guta la mizigo mizito hilo ni jambo lingine, weka springi ngumu pamoja na pleti nzuri, sio badala ya pleti.

Mwisho kabisa, na hizi ziache hapo hapo dukani: pleti zisizo na boksi wala jina zinazouzwa kwa mafungu, pleti za mtumba zilizotolewa kwenye injini iliyokufa, na pleti zako za zamani zilizopigwa msasa. Msasa unaondoa ule ung'aro juu, kweli zitashika siku chache, ila unene ulishapotea na msasa haurudishi. Vile vipande vya bei poa vikibanduka vinaenda kwenye oili, vinaziba kichujio, na sasa unazungumzia injini sio klachi tena.

Ukienda kununua pleti ongeza gasketi ya kava la kulia na oili mpya, usikubali gasketi ya zamani kupakwa silikoni. Na kwa CG na ndugu zake, kava likiwa wazi kuna kichujio cha kuzunguka mwisho wa krenki, mwambie fundi akifungue akisafishe, tope lililoganda mle ndani utashangaa, na kazi yake ni dakika chache tu maana mshafika hapo.

Siku ya kufunga pleti mpya zilowekwe kwenye oili safi ya injini, usiku mzima ni vizuri, zikifungwa kavu zinaungua kabla hujafika kijiweni. Bolti za springi zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo, sio moja mpaka mwisho halafu nyingine, na zisikazwe kwa hasira, ni bolti ndogo za milimita 6 zinazohitaji kama Nm 10 hivi kwenye spana ya kupima nguvu ya kukaza, na nguzo zake ni aluminiamu, ikivunjika moja unanunua kitovu kipya.

Kuseti sasa. Injini iwe ya baridi. Legeza ile nati ya juu kwenye leva, zungusha kirekebishi chake kiingie ndani karibu chote, halafu shuka chini kwenye injini uweke plei kwa nati mbili za waya, ukishapata karibu na unachotaka funga, rudi juu umalizie. Ukianza kwa kutumia yote ya juu, siku waya ukirefuka ukiwa porini huna pa kukimbilia. Washa, vuta klachi, weka gea ya kwanza, pikipiki isitake kuondoka, ukiachia taratibu ianze kushika katikati ya safari ya leva.

Zile zisizo na leva ya klachi, Honda Cub na kopi zake zenye klachi ya kujiendesha yenyewe, zina skrubu katikati ya kava la kulia na nati yake. Legeza nati, zungusha skrubu kwa mwendo wa saa mzunguko mmoja usizidishe, kisha irudishe taratibu kinyume mpaka uhisi uzito kidogo, hapo irudishe tena kwa mwendo wa saa kati ya moja ya nane na robo ya mzunguko, shikilia skrubu isisogee ukaze nati. Hata zile pikipiki ndogo za magurudumu 4 za watalii kule pwani zenye injini ya 110 zinafanana sana na hizi.

Siku za mwanzo na pleti mpya usipande mlima mkali na mzigo mzito, na usishikilie nusu klachi kwenye foleni, weka nyutro. Baada ya wiki angalia plei tena, maana waya mpya unajinyoosha na pleti zinajikalia, nusu mzunguko wa nati unatosha kuirudisha.