Vifaa vya mtoto mchanga visiwani: kipi kinunuliwe kwanza, kipi kisubiri na kipi kiachwe dukani

Anayetarajia mtoto Unguja au Pemba hupata vifaa kwa njia tatu: madukani, kuanzia Darajani na Mchangani hadi Chake Chake na Wete, kwenye mitumba, na kwa jamaa, ambao huleta hidaya zao mtoto akishazaliwa, kuanzia siku ya akika hadi arubaini. Kwa kuwa njia hii ya tatu haijulikani italeta nini, ni busara kununua mapema vile tu ambavyo mtoto atavihitaji katika wiki yake ya kwanza, na vingine vyote kuviacha mpaka arubaini ipite.

Wauzaji hupanga bidhaa zao kwa rangi na kwa bei. Hapa zimepangwa kwa vipimo vingine, yaani usalama wa mtoto, unyevunyevu wa masika, chumvi inayokuja na upepo wa bahari, na ngazi na vizingiti vya nyumba tunazoishi. Kifaa kisichofulika au kisichokauka kwa urahisi, na ambacho fundi wa mtaani hawezi kukitengeneza, kimeshushwa daraja hata pale ambapo kingesifiwa katika nchi yenye baridi.

Nafasi ya kwanza: chandarua na pahala pa kulala

Malaria imepungua sana visiwani ukilinganisha na zamani, na kupungua huko kumewafanya baadhi ya wazazi wakione chandarua kuwa pambo la chumba. Mbu lakini hawajahama. Wale wanaoeneza homa ya dengi huuma zaidi mchana, wakati ambao mtoto mchanga yumo usingizini na watu wazima wamo katika shughuli zao. Kwa hiyo chandarua kinunuliwe kwa kufikiria pia usingizi wa saa nne asubuhi na wa alasiri.

Kwa usiku, kilicho bora ni kile cha kuning'iniza kilichotiwa dawa kiwandani, kinachofunika kitanda kizima na kuchomekwa chini ya godoro. Dawa yake imekusudiwa kudumu takriban miaka 3 na kustahimili kufuliwa mara 20 hivi, mradi kifuliwe kwa sabuni ya kawaida bila ya dawa ya madoa, na kianikwe kivulini kwa sababu jua kali huidhoofisha dawa hiyo. Kwa mchana, kile cha kukunja, kinachomfunika mtoto kama kawa juu ya sinia, kinafaa na bei yake ni nafuu, ingawa vingi katika hivyo havina dawa yoyote. Kabla ya kulipa, kifunguliwe pale pale dukani, zipu ivutwe mara kadhaa, ncha za waya zipapaswe kwa kidole kuona kama zimetokeza nje ya kitambaa, na upana wake uangaliwe kwa makini, kwani mkono wa mtoto ukiegemea wavu, mbu humuuma kupitia matundu.

Vyandarua hivyo huuzwa mara nyingi ndani ya mfuko mmoja pamoja na kigodoro laini na mto wenye shimo katikati, unaosemwa kuwa hukitengeneza kichwa kikawa na umbo zuri. Mto huo utolewe siku hiyo hiyo. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hulazwa chali, juu ya godoro gumu lililo tambarare, bila ya mto, bila ya blanketi zito na bila ya vitambaa vilivyojazwa pamba kuzunguka kitanda, kwa sababu vyote hivyo vinaweza kumziba pumzi. Kigodoro chenyewe kipimwe kwa kiganja: kikandamizwe, na kama alama ya mkono imebaki baada ya mkono kuondolewa, ni laini mno.

Kitanda cha mtoto si cha lazima katika miezi ya mwanzo, ingawa anayelala na mama yake juu ya samadari anahitaji uangalizi mkubwa, kwani samadari ni kitanda kirefu na nafasi baina yake na ukuta inaweza kumnasa. Anayetaka kitanda cha mtoto atafaidika zaidi kumwendea seremala kuliko kununua cha mabomba kitakachoshika kutu baada ya misimu michache. Seremala aelezwe mambo mawili tu. Nafasi baina ya fito isizidi sentimita 6, ambapo kopo la soda halipiti, na godoro likae bila ya kuacha mwanya unaoingia vidole zaidi ya viwili pembeni. Katika mitumba, kitanda chenye upande unaoteremshwa kikataliwe hata kikiwa kizima, kwani Marekani ilikwisha kupiga marufuku uuzaji wake mwaka 2011 baada ya vifo vya watoto walionaswa. Vitanda vya kulalia kwa mwinamo, vile vinavyomweka mtoto nusu kukaa, vilipigwa marufuku huko huko kwa sheria ya mwaka 2022, na havifai kununuliwa kwa bei yoyote.

Nafasi ya pili: nepi

Mtoto mchanga hubadilishwa nepi mara 8 hadi 12 kwa siku, na hapa ndipo fedha nyingi za mwaka wa kwanza zinapokwenda. Mpango unaofaa zaidi ni wa kuchanganya: vitambaa nyumbani mchana, na pampasi usiku, safarini na katika siku za mvua mfululizo.

Katika vitambaa, ile nepi bapa ya mraba, ambayo mabibi zetu waliikunja pembetatu na kuifunga kwa pini, inaishinda ya kisasa yenye vifungo, mfuko na pedi ndani. Sababu yake huonekana uani. Nepi bapa ikitandazwa juu ya kamba huwa tabaka moja, na upepo wa kusi huikausha kabla ya adhuhuri. Ya kisasa ina matabaka yaliyoshonwa pamoja, na wakati wa masika ukingo wake wa kiunoni hubaki mbichi mpaka siku ya pili, ukaanza kunuka uvundo hata kabla ya kuvaliwa. Dukani, kitambaa kinyooshwe dhidi ya mwanga, na nyuzi zikionekana zimeachana sana, kitachakaa mapema. Dazeni mbili zinatosha kwa nyumba inayofua kila siku. Dawa za kulainisha nguo zisitumiwe, kwani huacha utando unaozuia kitambaa kunyonya, na pasi ya moto humalizia unyevu uliobaki.

Pampasi zichaguliwe kwa kilo zilizoandikwa kwenye pakiti, si kwa miezi ya mtoto, kwa sababu watoto wa umri mmoja hutofautiana sana uzito. Ni vyema kuanza na pakiti ndogo au na zile zinazouzwa moja moja ili kuona kama ngozi inazikubali, ndipo inunuliwe pakiti kubwa, na hata hapo isinunuliwe akiba ya miezi mitatu ya saizi moja. Pakiti iliyokaa juani mbele ya duka iachwe, maana gundi ya vibandiko huwa imeshalegea. Zilizotumika zisitupwe chooni kabisa. Kisiwani taka haina pa kwenda mbali, na anayezingatia hilo ana sababu nyingine ya kupendelea vitambaa.

Nafasi ya tatu: mbeleko

Kanga bado ni mbeleko nzuri kuliko nyingi zinazouzwa, ila ile mpya ina wanga wa kiwandani unaoifanya iteleze, na fundo lake hulegea. Ifuliwe mara mbili tatu kabla ya kubebea mtoto. Mtoto ambaye shingo yake haijakaza abebwe mbele, si mgongoni, uso wake uonekane muda wote, na kidevu chake kisigusane na kifua. Magoti yawe juu kidogo kuliko makalio na mapaja yapanuke, mkao ambao ni salama kwa nyonga zinazokua.

Anayenunua ya dukani yenye mikanda achague ya pamba au ya wavu, kwa kuwa zile zenye sponji nene zimetengenezwa kwa ajili ya baridi na hapa huwaloweka jasho mama na mtoto. Kitako chake kiwe kipana kutoka goti hadi goti. Zile nyembamba zinazomwacha mtoto akining'inia kwa mapaja, ambazo ndizo rahisi kuliko zote, zinachosha upesi na hazimsaidii mtoto. Buckle za plastiki zifungwe na kufunguliwa mara kadhaa, na kama mojawapo haitoi mlio inapojifunga, mbeleko nzima irejeshwe rafuni.

Nafasi ya nne: kiti cha gari

Kwa wasio na gari kifungu hiki hakiwahusu. Kwa wenye gari, kipandishwe hadi nafasi ya kwanza. Kitafutwe kibandiko cha rangi ya machungwa chenye maandishi R44 au R129, ambavyo ni viwango vya Umoja wa Mataifa, na chini ya R129 mtoto hutakiwa kutazama nyuma ya gari mpaka apite miezi 15. Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe kiti cha mbele chenye puto la usalama linalofanya kazi.

Muuzaji aombwe kukileta kiti garini kabla ya malipo. Kwanza uangalie, baina ya mgongo na makalio ya kiti cha nyuma, kama gari ina vipete vya chuma vya kukinasia. Kama haina, na magari mengi ya zamani hayana, kinunuliwe kinachofungwa kwa mkanda wa kawaida. Kikishafungwa, kishikwe pale mkanda unapopita na kitikiswe: kikisogea zaidi ya sentimita 2 au 3, hakilifai gari hilo. Cha mtumba kisinunuliwe ikiwa anayekiuza hajui kilikotoka, kwa sababu plastiki iliyowahi kupata ajali inaweza kuwa na nyufa zisizoonekana kwa jicho, na vingi vina tarehe ya mwisho wa matumizi iliyochapwa chini ya kitako ambayo huwa imeshapita. Gari likiegeshwa juani, kiti kifunikwe kwa kitambaa cheupe. Chuma cha mkanda huunguza ngozi.

Kwa vespa na bodaboda hakuna kifaa cha kupendekeza, kwa sababu hakuna kinachomfanya mtoto mchanga awe salama juu yake.

Nafasi ya tano: beseni na kikombe

Beseni la kawaida la plastiki linatosha, mradi mtoto asiachwe peke yake hata kwa dakika moja, kwani sentimita 5 za maji zinatosha kumzamisha. Viti vya kuogea vinavyogandishwa kwa mpira viachwe, vinampa mzazi amani isiyo ya kweli. Kuhusu chupa, mtoto anayenyonya hana haja nayo katika miezi 6 ya mwanzo, na maziwa yaliyokamuliwa hunywewa vizuri kwa kikombe kidogo kisicho na mdomo, ambacho huosheka kila pembe, tofauti na chuchu ya chupa inayoficha mabaki. Atakayelazimika kununua chupa achague yenye shingo pana.

Nafasi ya sita: kigari cha kusukuma

Kigari ni kitu kizuri Forodhani jioni na kigumu karibu kwengine kote. Ndani ya Mji Mkongwe kinakutana na mawe yasiyo sawa, ngazi za mlangoni na pikipiki katika kichochoro kisichotosha wote wawili. Mashamba, magurudumu madogo huzama mchangani. Anayekitaka asubiri mpaka mtoto aweze kukaa, kisha atafute chepesi kinachokunjwa kwa mkono mmoja, chenye fremu ya aluminiamu na magurudumu makubwa kiasi, na akague ribiti na springi, maana ndiko kutu huanzia. Breki ijaribiwe mtelemkoni. Kanga isitandikwe juu ya kigari kuzuia jua: hewa hukwama ndani na joto hupanda haraka, ingawa kwa nje panaonekana pana kivuli. Kwa bei yake, mbeleko nzuri na dazeni mbili za nepi hununulika na chenji ikarudi.

Ya mwisho: woka ya magurudumu

Woka, kile kigari cha duara ambacho mtoto hukalia na kukisukuma kwa miguu, haikupewa nafasi kwa sababu haifai kununuliwa kabisa. Kanada iliipiga marufuku mwaka 2004, kuuza na kuingiza nchini, kutokana na watoto walioanguka nayo ngazini. Nyumba zetu zina vizingiti, baraza zisizo na ukuta, na mara nyingi jiko la mkaa au la gesi lililo chini sakafuni, na mtoto aliye ndani ya woka hulifikia kabla ya mama kugeuka. Wala haimfundishi kutembea, kwani husukuma kwa vidole vya miguu tu na hukosa kuiona miguu yake. Mtoto huyo akiwekwa juu ya mkeka, karibu na kiti kizito asichoweza kukiangusha, atasimama kwa wakati wake.

Ugumu ni kwamba woka ndiyo hidaya inayopendwa na mashangazi na makaka wa kazini, kwa kuwa ni kubwa, ina muziki na inaonekana ya thamani. Mwenye mtoto anaweza kuliepuka hilo kwa kutaja mapema, anapoulizwa aletewe nini, saizi ya pampasi au idadi ya nepi zilizobaki. Na kama tayari imeshaletwa, maduka mengi hukubali kubadilisha bidhaa ambayo boksi lake halijafunguliwa.