Kliniki iliyoniandikia kutembea kwenye cheti cha dawa

Nashona nguo Magomeni, Dar es Salaam, karibu na kituo cha mabasi cha Usalama, mwaka wa 22 sasa. Kazi yangu ni ya kukaa. Msimu wa Idi na wa harusi naketi kwenye cherehani tangu saa 2 asubuhi hadi usiku. Sukari niligundulika nayo miaka 6 iliyopita, presha ikafuata.

Miaka 5 nilitibiwa hospitali moja kubwa hapa mjini. Kila nikienda naambiwa, "Mama, punguza wanga, fanya mazoezi," na daktari macho yapo kwenye karatasi. Mazoezi gani, kwa muda gani, hasemi. Nyuma yangu watu wamejaa kwenye mabenchi, nikaona vibaya kuuliza. Mwishoni mwa 2016 Mama Samia, wakati ule Makamu wa Rais, alipozindua kampeni ya magonjwa yasiyoambukiza na kuwataka watu wafanye mazoezi Jumamosi ya pili ya kila mwezi, nilisikia redioni nikiwa napiga pasi. Nililipenda wazo lile, ila nikaona ni la watu wa maofisini wenye fulana na raba. Mimi mama wa baibui ningeanzia wapi?

Mwaka jana mteja wangu akanielekeza kliniki ndogo ya sukari na presha, upande wa Kinondoni. Dokta ni kijana, rika la kitinda mimba wangu. Akaniamkia, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akasema nivue viatu. Alikagua nyayo na katikati ya vidole. Akaniambia nifumbe macho, akawa ananigusa kwa kiuzi kigumu kama mshipi wa kuvulia samaki, nami nimwambie nahisi wapi. Miaka yote ile hakuna aliyekuwa amenitazama miguu! Alinieleza kwamba sukari huua hisia za nyayo taratibu, na mtu asiyehisi akitembea na kandambili anaweza kuumia asijue, hadi kidonda kioze. Kwa hiyo kwanza viatu vya kufunika. Nilienda soko la Karume, nikapata raba za mtumba za shilingi 15,000, pana, hazinibani.

Halafu akaniuliza, "Mama, gari unapandia wapi, unashukia wapi?"

Nikamwambia, "Mwanangu, napanda basi la mwendokasi Manzese, nashuka Usalama."

"Basi kuanzia kesho shuka kituo cha Kagera, kabla ya Usalama, umalizie kwa miguu."

Akaandika kwenye cheti, chini ya metformini: kutembea dakika 15 asubuhi, dakika 15 jioni, siku 5. Jumla dakika 150 kwa wiki, akasema ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima. Mwendo uwe wa kuweza kuongea lakini siwezi kuimba. Na nikiwa kwenye cherehani, kila nusu saa ninyanyuke kwenye stuli mara 10 bila kushika meza, kwa sababu msuli ukifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu. Baibui akasema halina shida yoyote. Kwa kuwa kuna kidonge kingine natumia kinachoweza kushusha sukari ghafla, nisitoke bila pipi mkobani: nikianza kutetemeka na kutokwa jasho jembamba, nisimame nile.

Kipimo changu cha sukari cha asubuhi kabla ya kula kilikuwa 11.2 (mmol/L) siku ile. Baada ya miezi 4 kikasoma 7.4. Vidonge sikuacha na wala sikuambiwa niache. Nesi alinipigia simu wiki ya pili na ya sita, akitaka kujua tu kama natembea. Ile simu ya wiki ya pili ilinikuta nimeacha siku tatu kwa sababu ya mvua. Hakunigombeza. Aliniambia nitembee ndani, ukumbini, kwenda na kurudi, dakika zilezile.

Kasoro zipo, na nazisema kwa kuwa nawapenda. Dokta ni mmoja. Nilifika saa 1 asubuhi, nikaingia kwake saa 5, na wagonjwa wa sukari wengine walikuwa hawajaweka kitu tumboni wakisubiri kipimo. Hilo ni hatari, wapimeni kwanza hao. Pia wana kikundi cha kutembea Jumamosi saa 12 asubuhi, wakati kina mama wengi tunahangaika na chai ya watoto na vichochoro bado vina giza. Wekeni na cha jioni, saa 11.

Kumuona dokta nimelipa 10,000, kipimo cha sukari 3,000. Ukienda, epuka Jumatatu. Chukua vidonge vyako vyote na pakiti zake, na vaa viatu vya kuvulika upesi.